Sahihi Yangu na Somo la Kijerumani

Waliosimamisha somo la Kijerumani katika shule ya sekondari anayosoma mjukuu wangu, hapa Likoni, ni watatu. Mwalimu mkuu alipendekeza. Mwenyekiti wa bodi ya shule aliridhia. Mimi, mjumbe wa kamati ya wazazi na karani mstaafu wa masjala, nilitia sahihi. Nimeanza na hayo kwa sababu maisha yangu yote ya kazi niliandika barua zisizosema nani kafanya nini, na aliyenionyesha ila ya barua hizo ni msichana wa miaka kumi na saba ambaye hadi leo nikimwita huniitika "abee".

Kazi yangu ilikuwa kisiwani, ng'ambo ya feri, katika ofisi ya serikali. Kila barua iliyoingia ilipigwa muhuri wa tarehe, ikapewa namba, ikatiwa kwenye faili lake. Nilipostaafu sikuiacha tabia hiyo. Kila mtoto wa nyumba hii ana faili: cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo, ripoti za shule. La mjukuu wangu huyu ndilo nene kuliko yote, kwani anaishi nasi tangu darasa la kwanza. Mamake hufanya usafi katika hospitali moja upande wa Diani, na huja nyumbani siku za Ijumaa.

Mwisho wa kidato cha pili aliniletea fomu ya kuchagua masomo ili niitie sahihi. Kijerumani kilikuwamo. Mimi Kijerumani nilichokijua ni kile cha vijana wa ufuoni: salamu, jina lako nani, karibu tena mwakani.

"Mjukuu wangu," nikamwambia, "hicho si watu hukiokota kule kwenye mahoteli bila kitabu? Kuna haja gani ya kukaa nacho darasani miaka miwili mingine?"

"Babu, kile ni cha kumkaribisha mtu. Mimi nataka cha kumuuliza wapi panamuuma."

Nilijua alichokisema. Likizo iliyopita alikuwa amemfuata mamake kazini. Akaletwa mzee Mjerumani, mkazi wa Diani wa miaka mingi, ana maumivu makali, na kwa maumivu yale Kiingereza chote kilikuwa kimemtoka. Wauguzi hawakumwelewa. Binti huyu akasogezwa mbele kwa kuwa anasoma lugha ile. Aliweza kuuliza "wapi". Hakuweza kuuliza "tangu lini" wala "maumivu ya namna gani". Mzee yule alimshika mkono akasema maneno mengi, naye akabaki kutikisa kichwa. Tangu siku hiyo anataka kuwa mkalimani wa hospitali. Mwalimu wake alimweleza kwamba mwenye alama nzuri ya Kijerumani katika mtihani wa kidato cha nne huweza kuendelea nacho chuo kikuu, na asiye nayo huanza upya kama aliyekuja jana. Nikaitia sahihi fomu ile, na nakala ninayo.

Nitasema, kwa faida ya mzazi mwingine atakayeletewa fomu kama hiyo, mambo niliyoyashuhudia. Miaka miwili ya mwanzo mtoto hutaja jamaa zake, hueleza chumba chake na hununua matunda ya kwenye kitabu. Anayedhani kidato cha tatu ni hayohayo yaliyoongezwa maneno atashangaa. Mjukuu wangu alianza kuleta vipande vya magazeti: jinsi Wajerumani wanavyotenganisha taka, kwa nini vijana wao huhama kwa wazazi mapema, upweke wa wazee wanaoishi peke yao. Kipande hicho cha mwisho alimsomea bibi yake kwa Kiswahili, na bibi yake akauliza kama wazee hao hawana majirani. Kulikuwa na kanda ya sauti inayosikilizwa mara mbili, wala huombi ya tatu. Kulikuwa na imla. Kulikuwa na barua rasmi: ya kuomba nafasi ya kazi, ya kulalamikia chumba kibovu cha hoteli. Na juu ya yote kulikuwa na mazungumzo ana kwa ana na mtahini.

Maneno hayakumsumbua. Yale maneno yao marefu aliyakata vipande kwa kalamu nyekundu akayameza. Kilichomshinda kilitoka nyumbani kwangu.

Mwisho wa muhula wa kwanza wa kidato cha tatu, mwalimu wao alimwalika mwenzake kutoka shule moja ya Nyali aje awajaribu kwa mazungumzo. Mtoto alirudi na karatasi yenye maneno machache: "Lugha nzuri. Hana msimamo." Nilikasirika. Niliandika barua fupi nikiomba maelezo, na mwalimu, badala ya kujibu kwa barua, alikuja mwenyewe.

Ni mwanamke wa Kaloleni, mwembamba, mwenye mwendo wa haraka, na Kiswahili chake kina ladha ya kwao. Alipokelewa barazani, akapewa chai na mahamri, akangoja nirudi kutoka swala ya alasiri.

"Mzee, mtoto huyu amelelewa vizuri mno," akasema.

"Ahsante sana, mwalimu."

"Mzee wangu, sikusifu. Nakushtakia!"

Mke wangu aliyekuwa mlangoni akacheka kwa sauti. Mwalimu akaeleza. Mtihani ule ni wa dakika chache. Mtoto aliingia akaamkia, akauliza hali, akauliza safari, akauliza kama feri ilikuwa na msongamano, akauliza watu wa nyumbani, yote kwa Kijerumani safi, na muda ukawa unakwisha. Kisha akaulizwa: je, simu zipigwe marufuku shuleni? Akajibu ndiyo. Mtahini, kwa kumchokoza, akasema lakini simu husaidia masomo. Akajibu ndiyo, hilo nalo ni kweli. Mtahini akasema basi zisipigwe marufuku. Akasema naam, ni sawa.

"Sasa mlitaka ambishie mtu mzima?" nikauliza.

"Ndiyo, mzee. Ndicho kinachopewa alama. Aseme sikubaliani, atoe sababu, na mtahini akimpinga asirudi nyuma. Watoto wetu wa huku wote wana shida hiyo. Mimi mwenyewe mara ya kwanza adabu ndiyo iliyoniangusha."

"Na dawa yake?"

"Dawa yake ni wewe. Ajifunze kwanza kwa lugha ya nyumbani. Kila siku mpe jambo, naye akupinge kwa sababu mbili. Akiweza kwako ataweza kwa Mjerumani."

Nilikubali, kwa kuwa niliombwa na mwalimu na kwa kuwa sikufikiri kwamba jambo lenyewe lingenigusa. Nikafungua daftari jipya. Siku ya kwanza nilikaa kitini, yeye akakaa kwenye mkeka, nikamwambia: "Wasichana wa shule hawafai kushiriki michezo."

"Ndiyo, babu."

"Nipinge!"

"Sawa, babu. Kama babu anavyoona."

Bibi yake alikuwa akichagua mchele. "Niiteni mimi," akasema. "Miaka arubaini nampinga kimoyomoyo. Nina sababu, si mbili, gunia zima."

Ilichukua wiki. Alipinga akiangalia mkeka. Alipinga akimalizia na "samahani, babu", nami nikamkata alama kwa kila samahani. Hatimaye, siku moja ya mvua, nilisema kwamba mzee aliyestaafu ana haki ya kuchagua kipindi cha runinga, kwani amelitumikia taifa. Akainua uso.

"Sikubaliani nawe, babu, kwa sababu mbili. Kwanza, wewe husinzia kabla habari hazijafika nusu. Pili, kesho yake humuuliza bibi ziliishaje, kisha ukaenda kuwasimulia wenzako msikitini kana kwamba ulizisikia mwenyewe."

"Mpe zote!" mke wangu akapiga kofi. "Wallahi, mpe alama zote, na za mwakani!"

Niliandika daftarini: amepinga, sababu mbili, hakurudi nyuma. Sikuandika kwamba iliniuma. Hilo naliandika leo, ili kumbukumbu zikamilike.

Muhula wa pili ulipofunguliwa, alirudi na ratiba mpya ya masomo. Kijerumani hakikuwamo. Mwalimu wake alikuwa amepewa kufundisha historia kidato cha kwanza. Wanafunzi wenyewe, tisa kwa jumla, waliambiwa watumie vipindi vile kwa kujisomea maktabani. Hakuna aliyewaambia kama wangeandikishwa kwa mtihani wa somo lile au la.

Hapo nikashika kalamu. Nilimwandikia mwalimu mkuu barua ya ukurasa mzima, na kwa mara ya kwanza nikampa mjukuu wangu aisome kabla haijatumwa, nikitaka aone barua rasmi inavyoandikwa na mtu wa kazi. Ilisema imebainika kwamba somo limeondolewa. Kwamba hali hiyo imezua wasiwasi. Kwamba ingekuwa vyema hatua zinazostahili zichukuliwe.

Aliisoma mara mbili.

"Babu, naweza kupinga?"

"Leo si zoezi."

"Najua. Mwalimu alitufundisha barua ya malalamiko. Anayeipokea aweze kujua kimetokea nini, nani kafanya, unataka nini, na unataka lini. Hii ikimfikia mwalimu mkuu, atadhani somo limechukuliwa na upepo."

"Hii ndiyo lugha ya ofisi, mjukuu wangu. Humtaji mtu."

"Basi nani aliliondoa?"

"Sijui."

"Si ndilo la kuuliza, babu?"

Kwa miaka yote ile ya masjala, barua ikisema "imeamuliwa", sikuwahi kuuliza imeamuliwa na nani. Niliipa namba nikaitia kwenye faili. Basi asubuhi yake nilivaa kanzu iliyopigwa pasi, nikaenda shuleni kuomba kuona kumbukumbu za kikao kilichoamua.

Mwalimu mkuu ni mtu mpole, wa bara, asiyeinua sauti. Alinipa kiti, akatoa faili, akafungua ukurasa wa tatu wa kumbukumbu za mkutano wa pamoja wa bodi na kamati ya wazazi. Palikuwa pameandikwa kwamba, kwa sababu ya uchache wa wanafunzi na upungufu wa walimu wa historia, mwalimu mkuu alipendekeza Kijerumani kisimamishwe kuanzia muhula wa pili, na mwenyekiti wa bodi akaridhia. Kisha akageuza hadi mwisho, penye uthibitisho wa kumbukumbu hizo. Zimependekezwa na katibu. Zimeungwa mkono na, hapo pakawa na sahihi yangu, yenye mkia wake mrefu ambao makarani wenzangu walikuwa wakiutania.

"Mzee," akasema kwa heshima, "uliunga mkono mwenyewe."

Mkutano ulioamua jambo lile sikuhudhuria. Siku hiyo tulikuwa mazikoni Mtongwe. Ulipokuja mkutano uliofuata, kumbukumbu ziligawiwa, katibu akasema tuzichukulie kuwa zimesomwa. Nilisoma ukurasa wa kwanza nikasahihisha tarehe iliyokosewa. Chai ilikuwa imeshaletwa. Mwenyekiti akanigeukia mbele ya watu wote akasema, "Mzee wetu wa masjala atatuungia mkono, maana sahihi yake ni pambo la faili." Watu wakacheka vizuri. Nikatia sahihi.

Kanuni ya kwanza niliyokuwa nikiwafunza makarani wapya ni kwamba asiyehudhuria mkutano hathibitishi kumbukumbu zake. Nimewarudisha watu wengi kwa kosa hilo. Wengine niliwaandikia onyo.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, njia ndefu. Mjukuu wangu alikuwa akiningoja barazani na daftari la Kijerumani magotini. Nilimweleza yote, kwa utaratibu, tangu ukurasa wa tatu hadi sahihi. Bibi yake alitoka jikoni akasimama kusikiliza.

"Ulisoma, babu?"

"Ukurasa wa kwanza."

"Na kwa nini ulitia sahihi?"

"Mwenyekiti aliniomba mbele ya watu. Isingekuwa adabu kumkatalia."

Mke wangu ndiye aliyesema, na hakuwa akicheka: "Lugha nzuri. Hana msimamo."

Nilingoja mtoto anilaumu. Kama angelia ingekuwa afadhali. Alifunga daftari, akanyoosha sketi yake, akauliza, "Orodha ya watahiniwa hufungwa lini?" Nikamwambia hufungwa mwanzoni mwa kidato cha nne. Akasema, "Basi bado kuna wakati. Twende wote wawili."

Tulikwenda. Ofisini alisema "Shikamoo, mwalimu", akajibiwa marahaba, akanyamaza. Hakuuliza hali ya nyumbani wala ya safari. Niliuona muda aliouokoa. Mimi nikaeleza kosa langu la kuthibitisha kikao nisichohudhuria, nikaomba liandikwe. Mwalimu mkuu alinisikiliza, akatabasamu, kisha akamgeukia yeye kwa sauti ya ubaba.

"Binti, wewe ni mwanafunzi mzuri. Masomo saba yanatosha kwa mtihani. Ukipunguza mzigo mmoja, hayo mengine utayafanya vizuri zaidi. Si kweli?"

Nilijua jibu lililomfika ulimini, kwa kuwa mimi ndiye niliyeliweka hapo tangu akiwa mdogo.

"Hapana, mwalimu. Sikubaliani, kwa sababu mbili. Kwanza, shule ilitupa nafasi ya kuchagua, tukachagua, mkapokea fomu zetu zikiwa na sahihi za wazazi. Tumeshasoma somo hili miaka miwili na muhula mmoja. Pili, waliokubali lisimamishwe hawakutuuliza sisi tisa, hata mmoja wetu. Mmoja wa waliokubali ni babu yangu huyu, na tunalala nyumba moja."

"Lakini walimu hawatoshi," akasema mwalimu mkuu.

"Ni kweli hawatoshi. Lakini mwalimu wetu yupo hapa shuleni, na anataka kutufundisha. Hata baada ya saa za masomo tutakuja."

Mwalimu mkuu akanitazama mimi. Nayajua macho yale, nimeyatumia. Alikuwa akingoja nimkanye mtoto. Nikatoa daftari, nikaandika saa na siku, na maneno ya pande zote mbili kama yalivyosemwa.

Mwalimu mkuu alisema jambo litapelekwa katika kikao kijacho. Kikao kijacho kilifanyika, na halikuwamo katika agenda. Nilipouliza, mwenyekiti alisema lilichelewa kufika. Nilipouliza lilichelewa mikononi mwa nani, aliagiza chai, na safari hii ilipoletwa sikuinuka kuifuata.

Tangu hapo mwalimu wa Kaloleni huja barazani kwangu siku tatu kwa wiki baada ya alasiri, bila kuitwa na ofisi yoyote, na wanafunzi tisa hukaa kwenye mikeka miwili. Majirani wamezoea. Juzi mjukuu wangu alifanya zoezi la mgonjwa na mkalimani, mwalimu akiwa mgonjwa. Nilisikia swali, nikasikia jibu, likafuata swali jingine refu. Nilimuuliza baadaye alikuwa ameuliza nini. Akasema, "Tangu lini, babu. Na maumivu ya namna gani."

Lakini baraza langu halina namba ya kituo cha mtihani. Shule isipowaandikisha, yote wanayojifunza hapa hayataonekana katika cheti chochote, na mwalimu huyu hawezi kuendelea kubeba kwa hisani kazi ambayo shule iliikubali kwa maandishi.

Kwa hiyo naandika tena, safari hii kwa namna niliyofundishwa na mjukuu wangu, na nakala ya maneno haya imekwisha kupelekwa shuleni na kugongwa muhuri wa kupokelewa.

Namtaka mwalimu mkuu aeleze kwa maandishi kwa nini alipendekeza somo lisimamishwe katikati ya kidato cha tatu bila kuwauliza waliolichagua, na kwa nini jambo hili halikufikishwa kikaoni kama alivyoahidi mbele yangu na mbele ya mwanafunzi. Namtaka mwenyekiti wa bodi aeleze kwa nini aliridhia, na kwa nini alimwomba athibitishe kumbukumbu mtu ambaye alijua hakuhudhuria. Nataka uamuzi ule utenguliwe kwa kuwa kumbukumbu zake zilithibitishwa kinyume cha kanuni, vipindi virudishwe kwenye ratiba, na wanafunzi wote tisa waandikishwe kwa mtihani wa Kijerumani kabla orodha ya watahiniwa haijafungwa. Jibu nalitaka ndani ya siku kumi na nne, likiwa na cheo na sahihi ya mtu aliyeamua, si neno "imeamuliwa".

Na kwa kuwa sahihi ya tatu ni yangu, naitaka bodi iniite mimi kwanza nijieleze, mbele ya wanafunzi hao tisa, nao wapewe nafasi ya kunipinga.